Akwa rejia haili kila kitu, na dhahabu haipotei humo

Kuna watu wakisikia akwa rejia wanajua ndo asidi kali kupita zote, eti tone moja linatoboa hadi sakafu. Wapi. Ni mchanganyiko wa asidi mbili, hidrokloriki sehemu tatu na nitriki sehemu moja, na kila moja ukiichukua peke yake dhahabu safi inakaa humo wala haijali. Zikiwa pamoja zinagawana kazi: nitriki inang'oa elektroni za dhahabu kidogo kidogo, kloraidi (chembe za klorini) za hidrokloriki zinaidaka ile iliyong'oka isirudi, nitriki inang'oa tena, hivyo hivyo mpaka kipande kinaisha. Asidi ya betri ya gari, hata ikuunguze vipi, haina huo ujanja.

"Inayeyusha madini yote." Hii inanichekesha, maana fedha, madini yenye bei chee, inaishinda. Kloraidi ya fedha inatanda juu yake utando mweupe, asidi inagota hapo. Ndo maana dhahabu iliyochanganywa na fedha nyingi inagoma, na wasafishaji inabidi waitoe fedha kwanza kwa nitriki tupu, na saa nyingine, usishangae, wanaongeza fedha makusudi mpaka dhahabu ibaki kama robo ndo nitriki ipate kupenya. Metali za iridiamu na rodiamu nazo haziguswi kirahisi. Platinamu inayeyuka, ila polepole na inataka joto.

"Dhahabu ikiyeyuka humo basi tena." Sasa sikia ya 1940, Wajerumani wameingia Copenhagen, na kwenye taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr kuna medali za Nobel za Max von Laue na James Franck zilizofichwa, wakati kutoa dhahabu nje ya Ujerumani ya Hitler ni kosa zito. Mkemia George de Hevesy akaziyeyusha kwenye akwa rejia, chupa ikabaki rafuni, jengo likapekuliwa na hakuna aliyeishtukia. Vita vilipoisha dhahabu ikatolewa kwenye yale maji na medali zikatengenezwa upya. Kuirudisha unatumia kitu kama metabisulfaiti ya sodiamu, inashuka chini ikiwa unga wa kahawia usiong'aa kabisa, asiyejua anaumwaga akidhani tope.

Kuna pia wanaotaka kuchanganya nyingi waweke stoo. Haikai! Inajivunja yenyewe ikitoa klorini na gesi nyingine za sumu, ukikaza kizibo chupa inaweza kupasuka, kwa hiyo inachanganywa siku ya kazi na kwa kiasi cha kazi.

Na hawa wa video za kuchemsha bodi za simu jikoni wanakwambia utajiri huo hapo. Dhahabu ya simu moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, bei ya asidi hujatoa, na ule moshi mwekundu wa kahawia unaopanda pale ni naitrojeni dayoksaidi, unaweza kuuvuta leo ukajiona mzima, mapafu yakaanza kujaa maji baada ya masaa kadhaa.