Kipepeo wa michungwa na kalenda ya machipukizi

Mvua za Novemba zikishakolea hapa Tabora, simu zinazoniingia huwa za aina moja: miche ya michungwa imeliwa, vimebaki vijiti. Nikifika kitaluni nakuta mwenyewe ameshakagua kila mche na hajaona mdudu, kaona kinyesi cha ndege tu juu ya majani. Hicho kinyesi ndicho mdudu.

Ni kiwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye kila mtoto wa Urambo au Sikonge amewahi kumkimbiza. Michungwa ililetwa kutoka Asia, lakini kipepeo huyu ni wa Afrika. Alikuwa akila miti ya porini ya ukoo wa mchungwa, mjafari ukiwemo, na bado anaila. Ndiyo maana hata ukiwamaliza wote shambani kwako, wengine watakuja kutoka porini.

Jike hutaga yai mojamoja. Mtazame asubuhi akipitapita juu ya miche: anagusa jani kwa miguu, anaonja, na likiwa gumu anaondoka. Likiwa changa anapinda tumbo, anaacha yai la mviringo, la manjano hafifu, lenye ukubwa wa milimita moja hivi. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mweusi mwenye vijiba na doa jeupe mgongoni. Ndege anamwona na kumpita, na mkulima vilevile. Anajivua ngozi mara kadhaa huku akibaki na sura hiyo, halafu katika hatua ya mwisho anageuka kijani, ananenepa, anafikia sentimita nne na zaidi. Hapo ndipo uharibifu mkubwa unapotokea, kwa kuwa sehemu kubwa ya majani anayokula maishani huyala katika siku hizo chache za mwisho. Mguse kidogo kwa kijiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali itakupiga puani. Hana sumu ya kukudhuru, anatisha tu.

Akishiba hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri kiunoni na kuwa bundo, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, la kijani au la kahawia. Wakati wa joto na mvua hutoka kipepeo baada ya wiki mbili au tatu. Ukikuta bundo lina kitundu kidogo ubavuni, kimsingi umekuta kazi ya nyigu wadogo ambao hutaga ndani yake. Hao waache.

Wakulima wengi huniuliza mwezi wa kupiga dawa. Mimi nawaambia watazame machipukizi. Mvua ikinyesha mti unachipua na kipepeo anazaliana; kuanzia Mei ukavu unapoingia, majani yanakomaa na mayai yanapungua sana. Lakini kitalu kilicho kando ya kisima, kinachomwagiliwa Agosti, kinaendelea kutoa majani machanga wakati kila kitu kingine kimekauka. Vipepeo wachache waliopo wote hukimbilia hapo. Nimeona vitalu vya kiangazi vikiliwa vibaya kuliko vya masika, na mwenyewe anashangaa kwa sababu "si msimu wake".

Mchungwa mkubwa unaozaa hauhitaji dawa kwa ajili ya kiwavi huyu. Utapoteza majani kadhaa na kuchipua mengine. Naumia ninapoona mtu anapulizia mti wenye maua dawa iliyobaki kwenye tumbaku, katika mkoa huu unaoishi kwa asali. Nyuki wanakufa, nyigu wanakufa, na kipepeo anarudi kutoka porini wiki inayofuata. Kwa miche, tumia vidole: kila baada ya siku mbili au tatu, geuza majani machanga ya juu pande zote mbili, ponda mayai, okota viwavi wangali wadogo. Na kama una kitalu cha kiangazi, kifunike kwa chandarua chenye matundu madogo kabla machipukizi hayajafunguka.