Kuchoronga Kwanza: Namna ya Kukabili Mwamba Usiojulikana Ndani ya Handaki

Machi 1996, ndani ya milima ya Alpi nchini Uswisi, mtambo wa kuchoronga uliokuwa mbele ya handaki la uchunguzi ulitoboa ukanda wa mwamba uitwao Piora. Maji yenye shinikizo kali yalifoka, yakabeba dolomaiti, mwamba wa jamii ya chokaa, iliyolegea kama sukari. Wajiolojia walikuwa wakiuhofia ukanda huo tangu mwanzo, kwa sababu handaki kuu la reli la Gotthard, la kilomita 57, lilipaswa kuukata kwa kina kikubwa zaidi. Kama hali ingekuwa ileile huko chini, mradi mzima ungekuwa mashakani.

Wachunguzi hawakuahirisha swali hilo hadi siku ya kuchimba. Kutoka handaki la uchunguzi walichoronga matundu ya mshazari kwenda chini, wakatoa vipande vya mwamba na kuvisoma. Vilionyesha kwamba kwenye kina cha handaki kuu dolomaiti ni kavu na ngumu, imeshikanishwa na anihidraiti, madini ya jamii ya jasi. Mashine zilianza kupita hapo mwaka 2008 bila maafa yaliyohofiwa, na handaki likafunguliwa Juni 2016. Kwangu mimi, matundu yale ndiyo sehemu muhimu kuliko zote za kazi ya Gotthard, ingawa hakuna abiria anayeyaona.

Kwa nini tusijue yote mapema? Ramani ya jiolojia huanza na miamba iliyojitokeza juu ya ardhi. Tundu la uchunguzi nalo halizidi upana wa kiganja, na kati ya tundu moja na jingine tunakadiria. Mwamba unaweza kuwa imara leo, kesho ukakutana na ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi na maji. Ule mstari ulionyooka kwenye mchoro ni makadirio, na anayeuchora anapaswa kusema hivyo waziwazi.

Ndiyo maana uchunguzi unaendelea hadi ndani ya handaki. Kabla ya kulipua baruti, tunachoronga tundu linalovuka hatua ya uchimbaji inayofuata. Maji yakitoka tunapima wingi na shinikizo lake, na tunaangalia rangi. Maji safi yanaweza kudhibitiwa. Yakibadilika kuwa matope, yanaondoka na ardhi yenyewe, na hapo kazi husimama. Tunadunga rojo la saruji ili kuziba mipasuko, tunasubiri ishike, kisha tunachoronga tena kuhakikisha. Kuta nazo hupimwa mara kwa mara: zikiendelea kusogea ndani, nguzo na zege vinaongezwa kabla nyufa hazijaonekana.

Hata hivyo tahadhari haiondoi hatari yote. Katika handaki la Seikan nchini Japani, linalopita chini ya bahari, walitanguliza handaki dogo na kuchoronga mbele yake, lakini mwaka 1976 maji yalivunja na kuingia kwa wingi. Wafanyakazi 34 walipoteza maisha katika miaka ya ujenzi wa handaki hilo. Pampu, saruji na njia ya kukimbilia lazima viwe tayari kabla dalili ya kwanza haijajitokeza.

Liko jambo jingine linaloniumiza. Bajeti inapobana, fungu la uchunguzi ndilo hukatwa kwanza, kisha mkataba unamtupia mkandarasi mzigo wote wa ardhi. Mkandarasi mwenye hofu ya hasara huficha dalili, au hupandisha bei ya zabuni kwa kukisia. Ni afadhali pande zote ziandike kabla ya kusaini: mwamba wa namna gani na maji kiasi gani vimo ndani ya bei, na vikizidi nani atalipa. Kuchoronga mbele kuwe na malipo yake kwa kila mita, ili msimamizi wa zamu asilazimike kuchagua kati ya ratiba na usalama wa watu wake.