Je, ni kweli Waholanzi hula heringi mbichi?

Anayehamia Uholanzi kutoka Afrika Mashariki huzoea upesi chakula cha mchana cha mkate na jibini, na kahawa inayoletwa na biskuti moja. Kinachomshangaza kwa muda mrefu zaidi ni kibanda cha samaki. Mtu mzima aliyevaa suti anasimama kando ya kibanda, anamshika samaki mkia, anainua kichwa na kumteremsha mdomoni. Video za namna hiyo husambaa kila mwaka, na maelezo huwa ni yale yale: Waholanzi wanakula samaki mbichi.

Kweli, samaki huyo hajaguswa na moto, lakini habari haiishii hapo. Samaki mbichi ni yule aliyetolewa majini, akapaliwa magamba na kukatwa vipande. Heringi, samaki wa baharini anayeuzwa kibandani hapo, amepita kwenye kazi ndefu: ametolewa sehemu ya utumbo kwa utaratibu maalumu, amelazwa kwenye chumvi, ameachwa aive kwa kemia ya mwili wake mwenyewe, kisha amegandishwa kwa baridi kali. Mlaji akiuma, nyama inakatika laini kama siagi, haina ule ukakamavu wa samaki aliyetoka baharini asubuhi. Wanaosema ni mbichi wanadhani hatua iliyokosekana ni moja tu, yaani jiko. Wanasahau kwamba moto ni njia mojawapo ya kubadilisha protini, na njia nyingine zipo.

Heringi yumo katika kundi moja kubwa na dagaa wa Kigoma. Dagaa wa Mwanza ni wa jamii nyingine kabisa. Heringi wanaofaa kwa chakula hiki huvuliwa kuanzia Mei hadi Julai, wakiwa wamenenepa kwa kula viumbe vidogo vya baharini na mayai bado hayajakua tumboni. Ili heringi auzwe kwa jina la Hollandse Nieuwe, yaani “mpya wa Kiholanzi”, mafuta yake yasipungue asilimia 16. Siku hizi wengi huletwa kutoka Norway na Denmark.

Siri yenyewe iko tumboni. Mtengenezaji huchoma kisu kifupi chini ya shingo na kwa mkupuo mmoja hutoa matamvua pamoja na sehemu kubwa ya matumbo. Kongosho hubaki, na hubaki kwa makusudi. Ni kiungo kinachotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya hivyo havijui kwamba samaki amekufa. Vinapenya taratibu kwenye mnofu na kuanza kukata protini vipande vipande.

Mpishi yeyote wa mishkaki wa Pwani anaijua kazi hiyo. Nyama ngumu hupakwa papai bichi lililosagwa, ikaachwa kidogo, na inapofika kwenye makaa tayari imelainika. Papai lina kimeng'enya cha kukata protini, na kongosho la heringi linavyo vya kwake. Tahadhari nayo ni ile ile: nyama ikikaa na papai kupita kiasi inarojeka, na heringi akiachwa muda mrefu naye anaharibika. Hapo ndipo chumvi inapohitajika. Inazuia bakteria wa kuozesha na kupunguza kasi ya vimeng'enya, kisha baridi huja kuvisimamisha wakati ladha imefikia kiwango kinachotakiwa. Kongosho likitolewa mapema, kinachobaki ni samaki wa chumvi tu.

Nani aliyegundua haya? Masimulizi ya Kiholanzi yanampa sifa Willem Beukelszoon wa Biervliet, mtu wa karne ya 14. Ushahidi ni hafifu, kwani heringi wa chumvi walishakuwa bidhaa kubwa katika Bahari ya Baltiki kabla ya hapo. Lisilobishaniwa ni kwamba kazi hii, ikifanyiwa melini na samaki kufungwa kwenye mapipa, iliipa Uholanzi utajiri mkubwa. Wenyewe husema Amsterdam imejengwa juu ya miiba ya heringi.

Kugandisha kumeingia juzi tu. Mwaka 1960 watafiti wa Uholanzi walieleza ugonjwa wa maumivu makali ya tumbo uliosababishwa na mnyoo wa heringi, anayejulikana leo kama Anisakis. Mwaka 1968 sheria ikaagiza heringi wa namna hii wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa angalau saa 24, na ugonjwa huo ukapungua sana nchini humo. Lakini baridi huua minyoo. Bakteria wengi huwalaza tu, nao huamka samaki akiyeyushwa. Ndiyo maana muuzaji mzuri humsafisha samaki mbele ya mnunuzi, hamweki tayari tangu asubuhi. Na asiye na vifaa asijaribu nyumbani: friza nyingi za majumbani hazishuki hadi nyuzi hizo, na jodari wa sokoni si heringi.

Kumtazama muuzaji kuna raha yake. Anaibana ngozi kwa vidole na kuivua yote kwa mvuto mmoja, anapitisha kisu, anang'oa uti wa mgongo na kukwangua kilichobaki tumboni. Minofu miwili inabaki imeshikana mkiani, yenye rangi ya fedha kwa nje na uwaridi karibu na palipokuwa na mfupa.

Kisha huja vitunguu vilivyokatwakatwa, na hapo Waholanzi wenyewe hawaelewani. Amsterdam wengi humtaka samaki akiwa vipande, na tango la siki pembeni. Kwingineko humshika mkia. Wapo wanaoshikilia kwamba vitunguu vilianza kama njia ya kuficha ladha ya samaki aliyekaa sana kwenye pipa, na kwamba heringi mzuri wa Juni havihitaji. Mimi niko upande wao. Anayemwonja kwa mara ya kwanza amwombe bila kitunguu, asikie mafuta na chumvi vilivyo, halafu aongeze akipenda.