Kinga ya sindano haing'olewi kwa ukaidi

Eti washonaji viwandani hung'oa kinga ya sindano, kile kizuizi cha mashine kinachozuia kidole kisichomwe, kwa ukaidi, na dawa yake ni bango jipya ukutani na semina ya nusu saa! Nimechoka kulisikia hili. Tupige hesabu.

Oparesheni, yaani hatua moja ya ushonaji kwenye kila kipande, imepangiwa sekunde 30. Zamu ya saa 8 ina sekunde 28,800, kwa hiyo tageti ni vipande 960, na hapo hujatoa muda wa choo wala wa uzi kukatika. Kinga iliyofungwa vibaya humziba mshonaji asione sindano inapoingia. Akichelewa sekunde 1 tu kwa kila kipande, zamu inaisha na vipande 929. Msimamizi haulizi kinga iko wapi. Anauliza vile 31 viko wapi. Aliyeikunja kinga juu amepiga hesabu vizuri kuliko ofisi.

Kwa hiyo pima upya muda wa oparesheni kinga ikiwa mahali pake, kisha ndipo upange tageti. Kinga ya macho ya plastiki ikichubuka, ibadilishe. Mwanga nao upimwe pale pale penye sindano, si katikati ya ukumbi: kiwango cha Ulaya, EN 12464-1, kinataka luksi (kipimo cha mwanga) 750 kwa kushona.

Sindano zilizovunjika ndizo zinazoniudhi zaidi. Utaratibu unajulikana: zima mashine, tafuta vipande vyote, vibandike kwenye daftari, ndipo upewe sindano mpya. Kipande kikikosekana, nguo hutengwa na kupitishwa kwenye kigunduzi cha chuma. Safi kabisa, ila sindano zimefungiwa kabatini, mwenye ufunguo yuko laini nyingine, yaani safu nyingine ya mashine, na dakika zote hizo zinahesabiwa kwa mshonaji. Atafanyaje? Ataficha akiba yake chini ya meza, na daftari litabaki jeupe. Halafu mtu wa ofisini anasifu laini isiyovunja sindano! Laini inayoshona jinzi kwa sindano nyembamba namba 75, wakati kitambaa kile kinataka nene zaidi, 100 au 110: sindano inapinda kwenye maungio mazito, inagonga bamba la chuma lililo chini yake, inaruka. Atavunja tu.

Na lile dai kwamba kazi salama huwaridhisha wafanyakazi? Sina uhakika kama usalama ndio unaoleta kuridhika, au kama wasimamizi wanaosikiliza watu ndio wanaoleta vyote viwili. Dodoso haliwezi kutenganisha hayo. Wasioridhika wameshaacha kazi, hawamo kwenye hesabu. Waliobaki wanajaza fomu ambayo msimamizi ndiye anayeikusanya. Utapata "nimeridhika" kibao. Badala ya kuuliza kama ameridhika, muulize, msimamizi akiwa mbali: sindano ilipovunjika mara ya mwisho, ulisubiri dakika ngapi kupata nyingine, na dakika hizo ziliandikwa kwa nani?