Ubongo unabadilika, haunenepi

Kuna neno limeingia mjini kwetu na limeanza kukaa vibaya: unyumbufu wa ubongo. Hapa Mtwara utalisikia redioni asubuhi, utalisikia kwenye semina za wajasiriamali, na msimu wa mahafali lazima mgeni rasmi mmoja awaambie vijana kwamba ubongo ni msuli, waufanyishe mazoezi utakua. Makofi yanapigwa, picha zinapigwa, watu wanakwenda kula pilau.

Maana yenyewe ni fupi. Ubongo hubadili muundo na utendaji wake kutokana na yale mtu anayoyapitia na kujifunza, tangu tumboni hadi uzeeni. Una seli za neva takriban bilioni 86, na seli hizo hupeana taarifa kwenye viungio vinavyoitwa sinapsi. Sinapsi zinazotumika mara kwa mara huimarika, zisizotumika hulegea au hutoweka. Nyuzi zenye kazi nyingi huvikwa utando wa mafuta ili taarifa ipite haraka. Basi, ndiyo hiyo.

Shida yangu ni hilo neno "utakua". Mtoto mchanga huongeza sinapsi kwa kasi kubwa, akafika mahali ana nyingi kuliko mtu mzima, halafu tangu utotoni hadi ujanani sehemu kubwa huondolewa. Yaani katika umri ule ambao anajifunza kuliko wakati wowote, ndipo anapopunguziwa. Akiwa na miezi michache hutofautisha hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Akikaribia mwaka mmoja uwezo huo unafifia, na sikio lake linakuwa kali kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kiswahili, kutegemea kwao wanazungumza nini. Mkulima wa Tandahimba au Newala hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwa nini anapogolea mikorosho, na hawezi kukuambia kwamba mkorosho uliosongamana matawi ndio uliostawi.

Tena hata pale palipoongezeka kitu, uliza pengine pamepungua nini. Mfano unaopendwa na wahamasishaji ni wa madereva wa teksi wa London, ambao hukariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao. Wahamasishaji huishia hapo. Hawasemi kwamba sehemu ya mbele ya hipokampasi hiyohiyo ilikuwa ndogo kuliko ya watu wengine. Mwaka 2006 madereva wa teksi walilinganishwa na madereva wa mabasi wa jiji hilohilo, wenye foleni zilezile na abiria walewale wakorofi, ila hawa wa mabasi hupita njia chache zilezile kila siku, kama dereva wetu wa Mtwara kwenda Dar ambaye ni Lindi, Nangurukuru, Somanga, Kibiti, basi. Wa mabasi hawakuwa na mabadiliko hayo. Lakini walipopewa mchoro mgeni wauchore baadaye kwa kumbukumbu, wa teksi ndio walioshindwa zaidi. Na mwaka 2011 wanafunzi wa kazi hiyo walipopimwa kabla na baada ya mafunzo, mabadiliko yalionekana kwa waliofaulu tu. Kujiandikisha hakukutosha.

Ukitaka kuona ujuzi kwa karibu, kaa na mama anayebangua korosho. Anaishika iliyokaangwa, anaigeuza mshono ukae juu, anagonga mara moja, ganda linaachia na kiini kinatoka kizima, huku anaendelea na habari za mnada bila kutazama mkono. Mgeni akijaribu anakodoa macho, anagonga na kugonga, anaambulia vipande, na mafuta ya ganda yanambabua vidole. Kwa kazi za mikono kama hizo, wakati wa kujifunza maeneo ya ubongo yanayosimamia umakini na mipango huhangaika sana, na ujuzi ukishakolea yanatulia. Fundi mara nyingi anatumia ubongo kidogo kuliko mwanagenzi.

Wala unyumbufu hauchagui mema. Maumivu sugu yanayobaki baada ya kidonda kupona mara nyingi ni mfumo wa neva uliojifunza vizuri kitu kibaya. Kubeti kunakomkosesha mtu usingizi ni hivyohivyo.

Upande wa pili wapo wanaoleta samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ina ukweli wake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Nobeli mwaka 1981, walionyesha kwamba paka mdogo akifungwa jicho moja katika wiki zake za mwanzo, ubongo hulipuuza jicho hilo hata likifunguliwa baadaye, ilhali paka mzima akifungwa vivyo hivyo hadhuriki kwa namna hiyo. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho huwahishwa kufanyiwa upasuaji. Ila hilo ni dirisha la kuona, si la kila kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watu wa Brazil na Ureno, uliwakuta waliojifunza kusoma ukubwani wakiwa na eneo la ubongo linaloitikia herufi, palepale lilipo kwa waliosoma utotoni. Wazee wetu wa kisomo cha watu wazima, waliokalia mikeka chini ya miembe miaka ya 1970, hawakuhitaji picha ya ubongo kulijua hilo.

Kwa hiyo usimwambie bibi kwamba kichwa chake kimeshaganda. Kutuma fedha kwa simu atajifunza, ila atarudia mara nyingi kuliko mjukuu. Na mjukuu, tafadhali, aache kumpokonya simu kila anapokosea namba ya siri, maana kwa mtindo huo anayefanya mazoezi ni mjukuu.