Mkalimani wa Kiarabu na Kifaransa kwa mambo ya mizigo: dhana na ukweli

"Aliyesoma madrasa anatosha."
Hii ndiyo inayotugharimu zaidi sisi tunaopitisha mizigo ya Congo. Tajiri wa Butembo ananunua Dubai, kontena linashuka Mombasa, linaingia Uganda kwa Malaba na kutokea Mpondwe. Mzozo ukizuka, muuzaji anasema Kiarabu, mnunuzi anataka Kifaransa, nasi hapa Kampala tunamwita ustadhi wa jirani. Ustadhi tunamheshimu, ila Kiarabu cha Kurani hakina demareji, yaani malipo ya kuchelewesha kontena au meli. Kiswahili nacho kinatudanganya: shehena, ushuru na forodha tumevitoa kwa Waarabu, basi tunajiona wenyeji. Mwarabu wa leo forodha anaiita jumruk, na bandari ni mina.

Niliwahi kukaa kwenye simu ya namna hiyo. Muuzaji alitaja bulisat ash-shahn, yaani hati ya shehena, ile BL. Mkalimani wetu akasikia "bulisa", akasema "la police". Kwa Kifaransa neno hilo ni askari, na pia ni hati ya bima! Tajiri akashtuka, akauliza ni bima gani hiyo. Neno sahihi la Kifaransa lilikuwa connaissement, na robo saa ikaishia hapo.

"Kiarabu ni kimoja."
Mwezi wa saba, Mmisri atasema yulyu, Mlebanoni tammuz, Mtunisia juwilya. Ukikosea mwezi, siku za bure bandarini unazihesabu vibaya. Kinubi cha Bombo na Kiarabu cha Juba vinasaidia sana pale Elegu, mpakani na Sudan Kusini, lakini si kwenye mkataba.

"Mkalimani na mfasiri ni yuleyule."
Mmoja anasema papo hapo, mwingine anaandika. Kwenye karatasi ya Kifaransa, tani 12,500 ni kumi na mbili na nusu, kwa sababu mkato wao ndio nukta yetu ya desimali.

"Wakalimani wa namna hii Uganda hawapo."
Anayebeba lugha zote mbili pamoja na mambo ya meli ni adimu, kweli. Lakini wawili wanaweza kupokezana: mhitimu wa Kiarabu, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, alete kwa Kiswahili, na Mkongomani aliyesomea Kifaransa apeleke mbele. Umoja wa Mataifa wenyewe hupokezana. Panga muda mara mbili, na kabla ya kukubaliana malipo muulize huyo wa Kifaransa surestaries ni nini. Akikujibu "demareji" bila kutazama dari, mpe kazi.