Ukungu wa angani si ukungu wa nyanya

Huku Rungwe, mkoani Mbeya, neno "ukungu" limebebeshwa mizigo miwili: ule unaotanda asubuhi mpaka humwoni jirani, na ule unaokausha nyanya. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba viazi vyake vimeunguzwa na ukungu, kana kwamba hewa ndiyo iliyovichoma.

Sivyo. Ukungu wa angani unalowesha majani tu. Kinachoyaua ni kimelea kiitwacho Phytophthora infestans, chenye kuleta bakajani chelewa, ugonjwa wa mabaka meusi wa nyanya na viazi. Vijimbegu vyake hupeperushwa na upepo, na vikikuta jani limelowa kwa saa kadhaa kwenye baridi yetu hii, vinaota. Geuza jani lenye baka alfajiri, umande haujakauka: pembezoni mwa weusi utaona utando mweupe kama unga uliopeperuka kinuni. Ndiye huyo.

Basi kazi kubwa ni kulifanya jani likauke upesi. Acha nafasi, funga nyanya kwenye miti, punguza majani ya chini, mwagilia shinani tena asubuhi.

Wengine husema mrututu, ile chumvi ya shaba, "ni kemikali, kilimo hai hakiutaki." Mrututu uliochanganywa na chokaa ulianza kutumika kwenye mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1880, na kanuni nyingi za kilimo hai bado zinauruhusu kwa kiasi. Kosa letu ni kuupulizia baada ya mabaka kujaa. Unakinga, hauponyi. Na shaba yake haiozi, inabaki udongoni, kwa hiyo usiumwage kama maji.

Maziwa yaliyozimuliwa? Yanasaidia ubwiri unga wa maboga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani, ambao hata kiangazi unastawi. Kwa bakajani usijisumbue. Majivu nayo mvua moja ya hapa Tukuyu inayaosha yote.

"Nimeshavuna, nimemaliza." Bado. Viazi vidogo ulivyoviacha ardhini vinaota tena, na vingine vinaota na ugonjwa wao. Ving'oe.

La mwisho ndilo linalotula pesa: kudhani kila kinachonyauka kina ukungu. Kata shina la kiazi kilichonyauka, litumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haiugusi. Ng'oa shina na udongo wake, osha jembe, na msimu ujao hapo panda mahindi.